Nani Aliacha Mfereji Wazi?



Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyesema hivyo huenda hakuwahi kupanga katika nyumba ya ghorofa huku Mbaraki, kwa maana hapa maji yakimwagika ni lazima yazolewe, tena upesi, kabla hayajamfikia jirani wa chini. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa ukurasa wa ndoa: hodhi la kuogea lililofurika usiku watu wakiwa wamelala. Msomaji aweza kuuliza, hili lahusu nini na ndoa? Lahusu sana. Nyumba ikilowa, sakafu hukauka baada ya wiki chache. Maneno yaliyosemwa alfajiri hiyo watu wakiwa na ndoo mikononi hukaa zaidi ya hapo, na deni lililofichwa baadaye hukaa zaidi ya maneno.

MAJI HABA NDIYO YAFURIKAYO

Kwanza tuelewe jambo lenyewe latokeaje, kwa sababu asiyeelewa chanzo atatafuta mtu wa kulaumu.

Katika nchi za baridi mtu hufurisha hodhi kwa kuwa amefungua maji ya moto ili aoge, kisha simu ikamchukua. Kwetu kisiwani mambo ni kinyume. Kisiwa cha Mombasa hakina mto wala chemchemi kubwa ya maji matamu. Maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako yaliletwa kwa bomba la kilomita zipatazo 220 lililokamilika mwaka 1957, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi huko Kwale. Yote hayo pamoja hayautoshi mji, na ndiyo maana mfereji waweza kukaa mkavu siku kadhaa, kisha maji yakaja saa nane usiku bila hodi.

Sasa zile nyumba za zamani za ghorofa zilijengwa na mahodhi marefu ya kulala mtu mzima. Ni nani siku hizi aogaye humo? Tunaoga kwa ndoo na kata, na hodhi tumeligeuza kuwa birika la akiba. Jioni mtu huweka kizibo, hufungua mfereji ingawa ni mkavu, akaenda kulala akitumaini. Yakija maji, hodhi lijae.

Nalo hujaa. Hebu tupige hesabu. Mfereji wenye nguvu ya wastani hutoa lita kama 10 kwa dakika. Hodhi la lita 200 litajaa kwa dakika 20 tu. Ikiwa maji yalifika saa nane na mtu akaamka saa kumi na moja, hizo ni dakika 180, yaani lita 1,800. Ukitoa zile 200 zilizobaki hodhini, lita 1,600 zimekwenda sakafuni, sawa na mitungi 80 ya lita ishirini ishirini. Lile tundu dogo la juu ambalo kazi yake ni kupokea maji ya ziada, katika mahodhi mengi makuukuu limezibwa na uchafu au magadi ya maji ya chumvi, na hata likiwa zima haliwezi kushindana na mfereji uliofunguliwa wote. Kwa hiyo mwenye kuomba maji wiki nzima huamka akielea juu yake.

DAKIKA ZA KWANZA

Fungeni mfereji. Kisha toeni kizibo. Ikiwa bomba la kutolea maji limeziba na maji machafu yanarudi, acheni kizibo mahali pake na mchote kwa ndoo.

La pili ni stima, na hapa nawasihi msifanye ushujaa. Volti 240 hazina huruma, na maji yetu ya visima vya kisiwani, kwa kuwa yana chumvi, hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu. Kama swichi kuu iko mahali pakavu na wewe umesimama pakavu, zima. Kama njia ya kuifikia imelowa, usiiguse. Watoeni watoto nje na mwite fundi wa stima au kampuni ya umeme. Usichomoe friji wala pasi ukiwa umesimama majini.

La tatu, ambalo watu wengi huliacha hadi mwisho, ni kumwamsha jirani wa chini. Maji hayateremki moja kwa moja. Hufuata mifereji midogo ya nyaya iliyozikwa ndani ya zege na kutokea penye taa ya dari ya yule wa chini. Jirani akiamka, akasikia matone, jambo la kwanza atakalofanya ni kuwasha taa. Kwa hiyo mmoja wenu ateremke mbio, agonge, aseme waziwazi: tafadhali msiwashe taa. Maneno ya kuomba radhi yaweza kungoja dakika kumi. Hayo ya taa hayawezi.

Ikiwa jirani ana dari la mbao au la jipsamu nalo limefura kama tumbo, msisimame chini yake. Stima ikiwa imezimwa, mtu asimame kando, aweke ndoo, atoboe tundu dogo kwa bisibisi ili maji yatoke polepole. Dari lililobeba maji huanguka lote kwa pamoja.

MLANGO WA JIRANI

Kulipokucha, teremkeni tena, safari hii wote wawili. Nasema wote wawili. Katika nyumba nyingi mume humtuma mke akaombe radhi kwa kuwa "wanawake mnazoeana", au mke humwachia mume kwa kuwa "mambo ya fidia ni ya wanaume". Anayekwenda peke yake huahidi peke yake, na ahadi hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi wa mwezi ujao.

Katika mtaa kama wetu jirani wa chini huenda ni Mwislamu, huenda ni Mhindi, huenda ni ndugu wa Kigiriama mliyetoka naye kanisani Jumapili. Pigeni hodi, ngojeni, salimieni inavyostahili, kama ni mzee apate shikamoo yake kabla ya habari za maji. Mkikuta vitabu vimelowa, na kati yake upo msahafu, msiuchukue kwa mikono yenu kwa haraka ya kusaidia. Mwelezeni mwenyewe auondoe kwa taratibu zake. Mtakuwa mmemheshimu kwa njia ambayo fedha haiwezi kulipia. Chukueni ndoo na matambara, mpanguse kwake kabla ya kupangusa kwenu. Kwenu ni kwenu, pataweza kungoja.

Msiahidi kiasi cha fedha siku hiyo. Semeni tu: tumekuja kuona, tutarudi pamoja na fundi siku fulani. Piga picha kwa ruhusa yake kabla ya kitu chochote kutupwa, maana picha hizo zitawafaa ninyi na yeye.

YALIYOSEMWA ALFAJIRI

Tuje sasa kwenye kiini cha mazungumzo yetu.

Tuchukue mfano. Baba afanya kazi ya zamu bandarini, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni mama aliosha hodhi, akaweka kizibo akitazamia maji. Hakufungua mfereji, alijua atasikia watoto wa jirani wakipiga kelele maji yakija. Baba akarudi saa sita usiku na jasho la ghala, akafungua mfereji ili anawe, akaukuta mkavu, akanawa kwa maji ya mtungini, akalala. Mfereji akausahau wazi, kama tusahauvyo sote mfereji usiotoa kitu. Saa nane maji yakaja.

Nani mwenye kosa? Mama atasema: "Mimi sikugusa mfereji." Ni kweli. Baba atasema: "Mimi sikuweka kizibo." Hiyo nayo ni kweli. Mfereji bila kizibo ungemwaga maji yakaenda zake. Kizibo bila mfereji kingekaa miaka. Mafuriko yalihitaji mikono ya wote wawili, na kila mmoja aweza kula kiapo kwamba hakuyasababisha. Ugomvi wa namna hii haufiki mwisho, kwa sababu kila upande unashika nusu ya ukweli na kuipunga kama bendera.

Ndiyo maana nawashauri: saa ile ya ndoo na matambara, swali la "nani" lisiulizwe kabisa. Semeni maneno ya kazi tu. Shika hapa. Leta ndoo. Mtoe mtoto. Yule ambaye ulimi unamwasha na ateremke kwa jirani. Mtu aliyeamshwa na maji miguuni, moyo unamdunda, hasemi habari za mfereji. Husema habari za miaka. "Ndivyo ulivyopoteza ufunguo." "Ndivyo mlivyolelewa kwenu." Huko kwenu kumeingiaje bafuni? Lakini huingia, na kusemwa mbele ya watoto, na jirani wa mkabala amefungua mlango kusikiliza.

Hata hivyo sikubaliani na wale washauri wasemao yanyamazieni tu, yatapita. Yasiyosemwa hayapiti. Baba ataanza kukagua mifereji kila usiku kwa kishindo ili mama asikie. Mama ataacha kuweka akiba ya maji, na siku ya ukame atasema, "Si uliogopa mafuriko?" Swali la "jinsi gani ilitokea" sharti liulizwe, ila liulizwe mkiwa mmelala kidogo, mmekunywa chai, na milango imefungwa. Kila mmoja aseme alilolifanya yeye, si alilolifanya mwenzake. "Niliweka kizibo nikatoka." "Nilifungua mfereji nikasahau." Mkisema hivyo mtaona wenyewe kwamba nyumba haikuwa na utaratibu, na kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyekusudia mabaya.

Huenda safari hii kosa ni la mmoja peke yake. Hutokea. Alifungua, akaweka kizibo, akalala, basi. Huyo na aseme: ni mimi, nisamehe. Na mwenzake, akishapokea neno hilo, asilitoe tena kabatini kila wageni wanapokuja na kulifanya kichekesho. Nimewaona waume ambao walisamehe mbele ya padre na hawakusamehe mbele ya marafiki, na wake vilevile. Kicheko cha sebuleni chaweza kuuma kuliko ukali wa bafuni.

MSICHANA WA KAZI

Katika nyumba nyingi ugomvi wa mume na mke huisha kwa ghafula kwa njia ya ajabu: wanakubaliana kwamba ni msichana wa kazi. Amani yarudi nyumbani, na binti wa watu akatwa mshahara.

Ndugu zangu, hiyo si amani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipofanya hivyo kwa makusudi. Kusahau si makusudi. Tena makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Kama mlimwagiza akinge maji usiku, mmemwajiri kazi ya mchana na ya usiku kwa mshahara mmoja, na aliyelala ni mwanadamu. Na watoto wenu wanatazama jinsi baba na mama wanavyopata pa kutupia lawama.

FEDHA

Kuna maji na kuna bili ya maji. Lita zile zimepita kwenye mita, mtazilipa. Kisha kuna rangi ya jirani, godoro lake, pengine televisheni.

Kisheria mambo yako hivi kwa ufupi. Misingi mingi ya sheria yetu ya madhara kwa jirani imerithiwa kutoka Uingereza. Ipo kesi maarufu, Rickards dhidi ya Lothian, iliyotoka Melbourne, Australia, na kuamuliwa mwaka 1913 na Privy Council huko London. Mtu asiyejulikana aliziba beseni la kunawia katika ghorofa ya juu na kufungua mfereji, maji yakaharibu mali ya mpangaji wa chini. Aliyeshtakiwa hakupatikana na lawama, kwa sababu ile ilikuwa hila ya mtu mwingine, na kuwa na maji ndani ya nyumba ni matumizi ya kawaida. Msishangilie mapema. Maana yake ni kwamba hamlaumiwi kwa kuwa na mfereji tu. Mfereji mlioufungua wenyewe mkausahau ni uzembe, na uzembe hulipiwa. Nayo sheria haitauliza kama ni mume au ni mke.

Lakini kabla ya mahakama kuna kibaraza. Mengi ya namna hii huisha kwa mazungumzo, mwenye nyumba akiwapo, kila mmoja akibeba sehemu: ikiwa tundu la ziada la hodhi lilikuwa limeziba tangu mlipohamia na mlimwarifu kwa maandishi, naye ana sehemu yake. Yakishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila urefu wa kesi za kawaida. Wenye bima ya nyumba wasome karatasi zao. Bima nyingi hutaja maji yaliyofurika kutoka kwenye matangi na mabomba, na nyingine hulipa hasara ya jirani, ila hutaka kuarifiwa mapema.

Jambo ninalotaka mlikazie macho ni hili. Baada ya mafuriko hufuata wiki ambayo mmoja wenu atajaribiwa kulipa kwa siri. Mama akutana na jirani ngazini, aona haya, atoa fedha za chama. Au baba, ili yaishe, akopa kazini. Nia ni njema. Mwezi unafuata, mlinzi wa mlangoni asema kwa bahati mbaya, "Mama alishamaliza ile ya godoro," na baba agundua kwamba mlinzi ajua mambo ya nyumba yake kuliko yeye. Sasa si habari ya maji tena. Chukueni daftari, andikeni kila shilingi: aliyelipwa, tarehe, imetoka mfuko gani. Kama yatatoka kwenye karo ya muhula ujao, wote wawili mjue kwamba imetoka kwenye karo, ili Januari asije mmoja akauliza karo iko wapi.

KUKAUSHA

Ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili juu ya kitu kilicholowa, na hewa ya Mombasa yenyewe ina unyevu mwingi. Kwa hiyo siku mbili za kwanza ndizo zenye thamani. Sukumeni maji yote kwa mfagio na kitambaa, fungueni madirisha pande zote mbili upepo upite, wekeni feni (stima ikiwa imekwisha kukaguliwa), na vuteni makabati mbali na ukuta. Chini ya kabati ndiko maji hujificha. Wakati wa kaskazi mtabahatika. Wakati wa masika, hasa Mei, ongezeni subira.

Godoro la sponji lisimamishwe kwa ubavu juani, siyo kulazwa. Likiwa bado laloa ndani baada ya siku mbili tatu, au likinuka, msimlalishe mtoto juu yake, hasa mwenye pumu. Penye ukungu wa juu juu kwenye vigae, maji yenye klorini ile tuitayo jiki yatafaa, lakini msiichanganye kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo au yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu lenye dirisha dogo ni mahali pabaya pa kujifunzia.

Hati za nyumba, vyeti vya shule na cheti cha ndoa zitenganishwe ukurasa kwa ukurasa, zikaushwe kivulini, siyo juani. Na albamu ya arusi? Hapa wengi huharibu kwa upendo. Wakiona picha zimelowa na kugandamana, huzianika hivyo hivyo zikagandana kabisa, kisha huzibandua kwa kisu. Picha za karatasi zilizolowa na kushikana zisiachwe zikauke zikiwa zimeshikana. Zitieni katika beseni la maji safi baridi, mziache zijiachie, mzitenganishe taratibu, kisha mzilaze moja moja juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, msiuguse. Ni kazi ya saa nzima au mbili, nayo hufanywa vizuri na watu wawili: mmoja azamisha, mwingine alaza. Nawashauri muifanye wenyewe msimwachie mtu, hata kama asubuhi hiyo hamsemezani vizuri. Kuna mambo ambayo mtu hukumbuka akishika picha ya siku ile kwa ncha za vidole.

KUTA NA ZEGE

Wanaokaa Mji wa Kale wana habari nyingine. Kuta za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa tena kwa hewa. Umekuwa ukifanya hivyo tangu zamani, kama Mnara wetu wa Mbaraki ambao ni matumbawe na chokaa vilevile, na mvua za karne nyingi zimeukuta na kuuacha. Kosa ni kuja na saruji na rangi ya mafuta ili "kuuzuia unyevu". Mtaufungia unyevu ndani, nao utatokea kwingine na plasta itabambuka. Rudisheni chokaa. Boriti zilizolowa zifunuliwe zikauke kabisa, maana mbao mbichi huita mchwa na kuoza.

Nyumba za zege za huku kwetu zaonekana ngumu, lakini zina vyuma ndani. Maji ya chumvi yakipenya mara kwa mara, vyuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulisukuma zege hadi likapasuka na kuanguka vipande. Mafuriko ya usiku mmoja hayafanyi hayo. Yale ya kila mwezi, madogo madogo, ambayo hakuna anayeamka kuyaona, ndiyo yafanyayo. Mkiona alama nyeupe kama unga ukutani, hiyo ni chumvi iliyotoka na maji. Isugueni ikiwa kavu kwa burashi, msiioshe, kwani ikilowa hurudi ndani.

KUKINGA MAJI BILA HOFU

Njia iliyo bora ni tangi dogo lenye mfereji wa boya, ambao hujifunga wenyewe maji yakifika juu. Fundi wa mabomba huufunga kwa siku moja. Wasioweza bado waweke kanuni moja tu: kizibo na mfereji visiachwe na watu wawili tofauti. Anayeweka kizibo ndiye anayeshika mfereji, na akienda kulala anafunga kimoja. Wapo wanaoacha mfereji wazi bila kizibo na kufudikiza sufuria chini yake; maji yakija, kwanza hewa hufoka, kisha sufuria hulia hata wafu waamke. Si njia ya kisasa, lakini hufanya kazi.

Hodhi la akiba lifunikwe. Mbu wa dengi na chikungunya hutaga katika maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na Mombasa imekwisha kuonja magonjwa hayo, dengi mwaka 2013 na chikungunya mwaka 2017 hadi 2018. Wazee wa pwani walifuga visamaki katika mabirika ya bafuni ili wale viluwiluwi vya mbu. Ninyi angalau lisugueni hodhi mara moja kwa wiki. Na penye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu. Mtoto mdogo huzama katika maji yasiyofika goti, tena kimya kimya.

DARI LA JIRANI

Imebaki ahadi mliyompa yule wa chini. Atawahimiza mpake rangi upesi kwa sababu doa lamchukiza kila anapolala chali, nanyi mtatamani yaishe. Msipake bado. Bandikeni kipande cha nailoni angavu juu ya doa, mzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, mkiache siku moja usiku na mchana. Mkikuta matone au ukungu upande wa ndani, zege bado linatoa maji, na rangi yoyote mtakayopaka itafura na kubanduka, mkarudi kulipa tena. Mwelezeni hivyo, rudini baada ya wiki mbili, mpime tena, wote wawili. Likikauka, kwanguweni plasta iliyolegea, pakeni kwanza rangi ya kuzuia doa, kisha nunueni rangi ya dari zima. Rangi mpya haifanani kamwe na ya zamani, na kiraka cheupe katikati ya dari lililofifia kitamkumbusha jirani maji yenu kila usiku.